Rufaa ya Fidia ya Majeraha Nairobi: Kuthibitisha Hasara na Gharama za Matibabu Yajayo, Kutoka kwa Hakimu Hadi Mahakama Kuu

Jaji wa rufaa haoni mguu. Haoni kovu, wala hamsikii mdai akiguna anapoinuka kwenye benchi. Anachofungua ni rekodi ya rufaa: kurasa zilizopigwa chapa, nakala za risiti, ripoti mbili za madaktari zinazopingana, na hukumu ya hakimu. Kesi ya Selle ya 1968 inamtaka aupime upya ushahidi wote na afikie uamuzi wake mwenyewe, akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi. Hawezi kupima kisichokuwamo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kufanya kabla hakimu hajasoma hukumu. Ukiusoma siku moja baada ya hukumu utakufaa pia, ila utakuwa na nafasi finyu zaidi.

Kwanza, jua kila shilingi iko fungu gani

Fidia maalum ni pesa zilizokwisha kutoka mfukoni: bili ya hospitali, dawa, ripoti ya daktari, ada ya kutafuta rekodi ya gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Hizi hudaiwa kwa tarakimu kamili na kuthibitishwa moja baada ya nyingine. Kesi ya Hahn v Singh ya 1985 ndiyo hunukuliwa kila siku katika hoja hii, na mahakama haina huruma nayo.

Fidia ya jumla ni ya maumivu, mateso na kupungukiwa na raha za maisha. Hii haina risiti. Hakimu huikadiria kwa kuangalia kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana.

Gharama za matibabu yajayo hukaa katikati, na hapo ndipo wengi hupotelea. Mwaka 2004, katika kesi ya Kenya Bus Services na Gituma, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba ingawa pesa hizo hutolewa chini ya fidia ya jumla, hitaji lenyewe la matibabu ni jambo maalum ambalo lazima litajwe katika hati ya madai ndipo ushahidi wake upokelewe. Kesi ya Tracom ya 2009 ikarudia: idaiwe waziwazi, ithibitishwe. Kwa lugha ya mtaani, hutahitaji risiti ya kitu ambacho hujanunua, lakini huwezi kukitaja kwa mara ya kwanza ukiwa kizimbani.

Hakimu akikataa gharama za baadaye kwa sababu "hakuna risiti", amekosea msingi wa sheria, na hiyo ni sababu nzuri ya rufaa. Akikataa kwa sababu hazikutajwa kwenye hati ya madai, rufaa yako imeanza na mguu mmoja kaburini.

Chagua mahakama ukifikiria rufaa

Tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, Hakimu Mkuu husikiliza madai hadi KSh milioni 20. Hakimu Mwandamizi Mkaazi huishia milioni 7, na Hakimu Mkaazi milioni 5. Mahakama ya Madai Madogo huishia milioni 1 na huenda haraka, lakini rufaa yake kwenda Mahakama Kuu ni ya hoja za sheria pekee. Ikiwa mgogoro wako ni wa kiasi cha matibabu yajayo, yaani mgogoro wa ukweli, kasi hiyo inaweza kukugharimu. Jeraha dogo lililopona, nenda huko. Jeraha lenye vyuma ndani ya mfupa, fikiri mara mbili.

Muda wa kufungua kesi ya aina hii ni miaka 3 tangu ajali.

Hati ya madai: andika hitaji, idadi na bei

Kifungu kisemacho "mdai anadai gharama za matibabu ya baadaye" hakitoshi. Tuchukue mfano wa kubuni tutakaotembea nao: mama wa miaka 34, muuza mitumba Gikomba, amegongwa na matatu Jogoo Road na kukatwa mguu chini ya goti. Hati yake iseme hivi, ingawa yenyewe itaandikwa kwa Kiingereza:

Mdai atahitaji mguu wa bandia wa chini ya goti wa KSh 250,000, ubadilishwe kila baada ya miaka 5. Matengenezo ya mguu huo KSh 20,000 kwa mwaka. Vikao 24 vya fiziotherapia vya KSh 2,500 kila kimoja. Na msaidizi wa nyumbani kwa miezi 6.

Tarakimu hizi ni za mfano; zako zitoke kwa daktari na kwa fundi wa viungo bandia. Kinachohitajika ni umbo: kitu gani, mara ngapi, kwa bei gani, kwa muda gani. Bei ikipanda kabla ya kesi kusikilizwa, omba kurekebisha hati chini ya Amri ya 8 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010. Maombi hayo ni mepesi kabla ya ushahidi kuanza, huwa mazito baada ya mdai kutoa ushahidi, na baada ya hukumu ni kama kupiga mbiu ya mgambo mkutano ukiwa umevunjika.

Risiti

Bili ya hospitali si risiti. Ankara inaonyesha deni. Haionyeshi kwamba ulilipa. Mahakama ya Rufaa ilishasema hivyo mwaka 2009 katika kesi ya Great Lakes Transport, na mawakili wa bima wanaijua kama jina la mama yao. Ukiwa na ankara, rudi dirisha la malipo uombe risiti, au muhuri unaoonyesha kwamba imelipwa.

Risiti nyingi za maduka ya dawa jijini huchapwa kwenye karatasi inayotumia joto. Ikikaa kwenye mkoba au kwenye dashibodi ya gari, maandishi hufifia, na kesi inapofika kusikilizwa umebaki na kijikaratasi cheupe. Siku ileile unayoipata, itoe kopi, kisha andika nyuma ya kopi ni dawa gani na ya nini. Ibane risiti halisi pamoja na kopi yake kwenye karatasi ya A4, risiti mbili au tatu kwa ukurasa, usizirundike. Risiti zikipandana kwenye mashine ya kopi, jaji ataona nusu ya tarakimu.

Kisha tengeneza jedwali la ukurasa mmoja: tarehe, mlipwaji, huduma, kiasi, namba ya kielelezo. Jumla ya jedwali ifanane na jumla iliyo kwenye hati ya madai hadi shilingi ya mwisho. Ukidai 184,300 na risiti zikafika 179,800, utapata 179,800. Ukidai 179,800 na risiti zikafika 184,300, utapata 179,800 vilevile.

Malipo ya M-Pesa yanakubalika, lakini picha ya ujumbe kwenye simu ni dhaifu. Pata taarifa kamili ya M-Pesa kutoka Safaricom, ichapishe, na uambatishe cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Cheti hicho kieleze ni kifaa gani kilitumika, nani alichapisha, na kwamba kifaa kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Watu hukisahau, na upande wa pili hukaa kimya hadi siku ya mawasilisho, yaani hoja za mwisho za mawakili, ndipo hukumbusha.

Nauli ya bodaboda au teksi kwenda kliniki haina risiti mara nyingi, na kwa sababu ni fidia maalum huanguka. Kama safari ni nyingi, mwambie dereva mmoja awe anakuandikia risiti ya kawaida yenye tarehe na sahihi, kisha aitwe shahidi. Kama ni safari tatu, ziache. Haifai kumchosha hakimu kwa shilingi 1,200.

Jiandae pia kwa swali la nani alilipa. Kama bili ilibebwa na SHA (bima ya afya ya umma), mwajiri au bima ya binafsi, upande wa pili utauliza. Jibu liwe tayari na liwe la kweli. Mdai anayenaswa akidai bili ya mwajiri kama yake hupoteza imani ya hakimu hata kwenye mambo aliyosema sawa.

Na kuna mtego ambao huonekana mdogo siku ya kesi na mkubwa siku ya rufaa. Shahidi anapotaja hati kabla mwenye kuitoa hajaja, hakimu huiwekea alama ya utambulisho tu. Hati hiyo bado si kielelezo. Isipotolewa rasmi baadaye, haina uzito wa ushahidi, na Mahakama ya Rufaa ilisisitiza hilo mwaka 2015. Kabla ya kufunga kesi yako, simama na orodha mkononi, uhesabu zilizowekewa alama na zilizotolewa kama vielelezo. Zikipishana, usifunge.

Ripoti ya daktari

Ripoti nyingi zinazofika mahakamani Milimani zina ukurasa mmoja na nusu: jina, umri, "alihusika katika ajali ya barabarani", orodha ya majeraha, asilimia ya ulemavu, kisha sentensi moja ya mwisho kwamba mgonjwa huenda akahitaji takriban laki mbili kutolewa vyuma. Sentensi hiyo moja ndiyo inayobeba laki mbili zote, na ina nyufa mbili. "Huenda" si "atahitaji", na kipimo cha kesi ya madai ni kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea kuliko kutotokea. "Takriban" nayo haielezi bei imetoka wapi.

Mwombe daktari ajibu yafuatayo kwa maandishi. Ni tiba gani inahitajika na kwa nini? Ifanyike lini? Mara ngapi? Isipofanyika, nini kitatokea? Bei katika hospitali ya umma kama Kenyatta ni ngapi, na katika hospitali ya binafsi ni ngapi, na kwa nini mgonjwa huyu anafaa kutibiwa huku na si kule? Bei hiyo inajumuisha nini: chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, siku za kulazwa, daktari mwenyewe?

Swali la "kwa nini" ni la lazima hasa kwa vyuma. Kwa mtu mzima, sahani na skrubu zinaweza kubaki mwilini maisha yote kama hazileti maumivu, maambukizi wala kulegea. Daktari wa bima anajua hivyo na ataandika kwamba hakuna haja ya kuvitoa. Kama daktari wako hakueleza kwamba mgonjwa ana maumivu panapokaa sahani, au kwamba skrubu imesogea kwenye eksirei ya tarehe fulani, hakimu hana msingi wa kumchagua yeye. Ambatisha eksirei hiyo pamoja na maelezo yake.

Mtaalamu alingane na jambo. Daktari wa jumla anaweza kueleza jeraha, lakini bei na maisha ya mguu wa bandia atazieleza vizuri zaidi fundi wa viungo bandia, na mahitaji ya aliyevunjika uti wa mgongo atayaeleza daktari anayewahudumia wagonjwa hao, kama wa Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, orodha ni ndefu na vitu vidogo ndivyo vinavyojumlika: katheta, glavu, nepi za watu wazima, godoro la kuzuia vidonda vya mgandamizo, kiti cha magurudumu na matairi yake, dawa za maambukizi ya mkojo. Kila kimoja kiwe na idadi kwa mwezi. Kosa la kawaida ni kuandika "vifaa vya usafi KSh 30,000 kwa mwezi" bila mgawanyo. Upande wa pili huuliza glavu ngapi, na shahidi hukwama.

Nukuu ya bei iwe na barua yenye kichwa, tarehe, muhuri na jina la aliyeitoa. Pata mbili kutoka sehemu mbili tofauti. Mahakama hupenda kuona chini na juu, na ukileta ya juu pekee unamwalika hakimu akate kwa kukisia.

Kuhusu kumwita daktari au kukubaliana ripoti ziingie bila yeye: makubaliano huokoa ada ya daktari na miezi ya kuahirishwa. Lakini kama ripoti mbili zinapingana juu ya matibabu yajayo, na fedha ni nyingi, mlete daktari wako ahojiwe. Maneno yake ya ufafanuzi yatakuwa kwenye rekodi, nawe utayanukuu kwenye rufaa. Ripoti mbili zikiingia kimya, jaji hana njia ya kujua ipi ni nzito.

Neno moja la pembeni kuhusu lugha. Mdai hutoa ushahidi kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza. Kiswahili kina neno moja, mguu, kuanzia nyonga hadi kidole; mkono vilevile, kuanzia bega hadi kucha. Kiingereza kina mawili kwa kila kimoja, na hakimu anayeandika kwa kasi huchagua moja. Mfundishe shahidi aseme "paja la kushoto juu ya goti" au "kifundo cha mguu wa kulia", huku akionyesha, na wakili aseme kwa sauti kile kinachoonyeshwa ili kiandikwe.

Hesabu ya miaka ijayo

Turudi kwa mama wa Gikomba. Tuseme ushahidi unamtarajia aishi miaka 30 zaidi. Mguu wa kwanza sasa, kisha mwaka wa 5, 10, 15, 20 na 25: miguu 6. Mara 250,000 ni 1,500,000. Matengenezo ya 20,000 kwa miaka 30 ni 600,000. Jumla 2,100,000.

Njia ya pili ni kupata gharama ya mwaka mmoja na kuizidisha: 250,000 gawa kwa 5 ni 50,000, ongeza 20,000 za matengenezo, ni 70,000 kwa mwaka. Kizidishi hakiwi 30, kwa sababu fedha zinalipwa zote leo na zinaweza kuzaa faida, na kwa sababu maisha yana ajali zake. Mahakama ikichukua 18, jumla ni 1,260,000.

Tofauti ni 840,000, na hakuna njia ambayo ni sahihi kila mara. Ukiitaka ya kwanza, uonyeshe kwamba bei ya vifaa vinavyoagizwa kutoka nje hupanda na shilingi hushuka, hivyo faida ya kulipwa mapema inamezwa. Ukiwa upande wa pili, sisitiza malipo ya mkupuo. Vyovyote vile, mwekee hakimu hesabu zote mbili mezani. Akitoa tarakimu bila kueleza ilivyopatikana, una hoja ya rufaa. Akichagua moja kati ya mbili kwa sababu zilizoelezwa, jaji hatamgusa kirahisi.

Angalia pia kizidishi kisichanganywe. Kwa kipato kilichopotea, miaka huhesabiwa hadi mwisho wa kufanya kazi. Kwa mguu wa bandia huhesabiwa hadi mwisho wa maisha. Mtu hauvui akifika miaka 60. Hukumu zinazotumia kizidishi kimoja kwa vyote viwili si chache.

Kwa msaidizi wa nyumbani, kima cha chini cha mshahara ndicho kipimo kinachokubalika haraka. Kwa Nairobi, mfanyakazi wa ndani aliwekewa 15,201.65 kwa mwezi mwaka 2022, na nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024 ikaifikisha 16,113.75, bila marupurupu ya nyumba. Miezi 6 ya mama wetu ni 96,682.50. Ukimdai msaidizi wa maisha yote kwa mtu aliyekatwa chini ya goti na anayetembea kwa mguu wa bandia, utaonekana mwenye tamaa na hata zile 96,682.50 zitatiliwa shaka. Kwa aliyepooza kuanzia kifuani, msaidizi wa maisha yote ni hitaji la kweli, na hesabu yake ni 193,365 kwa mwaka kabla ya kuzidisha.

Kipato kwa ufupi: hasara ya mapato yaliyokwisha kupotea ni fidia maalum na inahitaji tarakimu, kupungua kwa uwezo wa kuchuma ni sehemu ya fidia ya jumla, kama Butler v Butler ya 1984 ilivyoeleza. Muuza mitumba hana hati ya mshahara, na hilo halimmalizi. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2005 kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha kipato. Mlete jirani wa kibanda, daftari la mauzo, taarifa ya M-Pesa, leseni ya kaunti. Kisipokuwapo kitu kabisa, omba kima cha chini cha mshahara.

Hukumu imesomwa: siku 30

Kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinatoa siku 30 kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu, bila kuhesabu muda ambao mahakama ya chini itathibitisha kwamba ulihitajika kuandaa nakala ya dikrii, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu. Siku ileile ya hukumu, andika barua ya kuomba hukumu, dikrii na mwenendo (kumbukumbu za yaliyosemwa kesini) uliopigwa chapa, uilipie na uipakie kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama, ambao Nairobi unautumia tangu Julai 2020. Barua hiyo ndiyo itakayokutetea ukichelewa. Usingoje mwenendo ndipo uandike hati ya rufaa. Hati ya rufaa inahitaji hukumu tu. Likizo ya tarehe 21 Desemba hadi 13 Januari, ambayo Amri ya 50 huiruka katika kuhesabu muda, usiitegemee hapa: siku zako 30 zimewekwa na Sheria yenyewe, si na Kanuni.

Hesabu kabla ya kulalamika. Je, hakimu ametoa asilimia ya lawama ya mdai kwenye jumla yote au kwenye fidia ya jumla tu? Je, riba ya fidia maalum imeanza tarehe ya kufungua kesi na ya fidia ya jumla tarehe ya hukumu? Je, ripoti ya daktari imehesabiwa mara mbili, ndani ya fidia maalum na tena kwenye gharama? Baadhi ya rufaa zingemalizwa kwa ombi la kurekebisha hesabu.

Sababu za rufaa

Jaji habadilishi kiasi kwa sababu yeye angetoa kingine. Kesi za Butt v Khan na Kemfro Africa zimeweka milango: hakimu alizingatia jambo lisilohusika, aliacha linalohusika, alifuata msingi usio sahihi, au kiasi ni kikubwa mno au kidogo mno hadi kuonyesha makadirio yaliyopotoka kabisa. Kila sababu yako ipite mlango mmojawapo.

"Hakimu alikosea kisheria na kiukweli kwa kutoa fidia ndogo" haipiti popote. Hii hupita: "Hakimu alikosea kwa kukataa KSh 2,100,000 za viungo bandia kwa kukosa risiti, ilhali ni gharama ya baadaye iliyotajwa aya ya 9 ya hati ya madai na kuthibitishwa na kielelezo namba 7 ambacho hakikupingwa." Amri ya 42 inataka sababu fupi, zenye namba, bila mabishano wala masimulizi. Sababu nne au tano zinatosha. Ukiandika kumi na saba, jaji atadhani huna hata moja.

Kama bima ndiyo imekata rufaa kupunguza na wewe unaona ulipewa kidogo, weka rufaa pinzani. Kujibu tu kwamba ulistahili zaidi hakutakuongezea kitu.

Rekodi

Iwe na hati ya rufaa, hati za madai na utetezi, mwenendo uliopigwa chapa, vielelezo vyote, hukumu na dikrii. Dikrii husahaulika, na rufaa hutupwa kwa sababu yake. Soma mwenendo uliopigwa chapa ukiwa na daftari lako la siku ya kesi: 150,000 iliyogeuka 15,000, "hajapona" iliyogeuka "amepona". Ukikuta kosa, andikia mahakama ya chini ilinganishe na mwandiko wa hakimu kabla rekodi haijawasilishwa. Vielelezo viwe na kurasa zenye namba na kopi zinazosomeka. Ripoti ya daktari iliyopigwa picha kwa simu kwenye mwanga hafifu haifai.

Mdaiwa anayetaka utekelezaji usimame anaomba chini ya Amri ya 42 kanuni ya 6: aonyeshe hasara kubwa itakayompata, asiwe amechelewa, aweke dhamana. Mara nyingi huamriwa nusu ilipwe mdai na nusu iwekwe akaunti ya pamoja ya mawakili. Mdai, peleka hati ya kiapo yenye ushahidi kwamba unaweza kurudisha fedha ukishindwa, na kwamba upasuaji hauwezi kungoja. Omba nusu ya kulipwa iguse gharama hiyo.

Hali ikizidi kuwa mbaya baada ya hukumu

Mfupa umeoza kwa maambukizi, mguu umekatwa juu zaidi. Amri ya 42 kanuni ya 27 inaruhusu ushahidi mpya, na Mahakama ya Juu, katika kesi ya ugavana wa Wajir ya mwaka 2018, ikaweka masharti makali: uhusike moja kwa moja, uwe wa kuaminika, uweze kubadili matokeo, na usingeweza kupatikana wakati wa kesi hata kwa bidii ya kawaida. Hauruhusiwi kuziba mapengo uliyoyaacha. Upasuaji uliofanyika miezi minne baada ya hukumu una nafasi. Nukuu ya bei ambayo ungeweza kuichukua siku yoyote haina. Ombi liende mapema, na hati ya kiapo ya daktari, si ya wakili.

Mawasilisho na kesi za kulinganisha

Mawasilisho si ushahidi. Kesi ya rais mstaafu Daniel arap Moi ya 2014 ilisema hivyo bila kuficha. Tarakimu isiyo kwenye rekodi usiiandike. Tafuta kwenye tovuti ya Kenya Law kesi tatu hadi tano, zisizidi miaka mitano au sita, zenye jeraha linalofanana kwa jina, kwa asilimia ya ulemavu na kwa umri. Ziweke kwenye jedwali, na uweke pia moja isiyokufaa, ueleze inavyotofautiana. Upande wa pili utaileta tu. Kesi ya 1998 inahitaji kuongezewa mfumuko wa bei, na useme umeuongeza kwa kipimo gani.

Ukishindwa Mahakama Kuu, rufaa ya pili kwenda Mahakama ya Rufaa ni ya hoja za sheria pekee, na notisi yake ni siku 14. Ukishinda, kumbuka kwamba chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, bima ya mtu wa tatu hulipa hadi KSh milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo unamfuata mwenye gari, kwa hiyo nakala ya rekodi za NTSA uliyoilipia mwanzoni mwa kesi itoe tena kwenye faili, uangalie jina lililoko kama ndilo lililoandikwa kwenye dikrii.